Gerezani, Mtaa kwa Mtaa

Gerezani ndiko njia ya mwendokasi inayopita Barabara ya Msimbazi inakoishia. Basi la kutoka Kimara huingia Kariakoo likiwa limejaa hadi mlangoni. Kituo kwa kituo hushusha wachuuzi na wateja wanaowahi madukani, na hadi linafika kituo kikuu limebaki na wachache wenye shughuli zao maalumu: anayetafuta kipuri cha gari, anayefuata nondo na mabati, anayebadilisha usafiri kwenda upande wa Mbagala. Abiria wa kushuka hapa kutafuta historia ni nadra. Mimi hicho ndicho kilichonileta.

Nilitaka kutembea kwa miguu kutoka Gerezani, nipite Kariakoo, hadi Mnazi Mmoja. Kipande hiki cha mji si kikubwa, lakini ndani yake Tanzania ilijifunza jambo ambalo nchi nyingi hulitengea fedha nyingi na kuvuna kidogo. Ilijifunza kuwapa watu wa kawaida historia, lugha, fasihi na nafasi ya kujadiliana nje ya kuta za chuo, kisha watu hao wakavitumia kujenga maisha yao. Leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Ndaki ya Insia kule Mlimani. Mitaa hii iliijua insia kabla ndaki haijakuwapo.

Ukiwaacha nyuma mafundi wa kuchomelea, unaingia mitaa iliyonyooka inayokatana kwa pembe kamili. Hiyo ni ramani ya Wajerumani, waliopanga eneo hili liwe makazi ya Waafrika, mbali na ufukwe walikojijengea wao. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaja, Waingereza wakaligeuza kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kisha amani iliporudi wakaendelea na viwanja vilevile, na Mnazi Mmoja ukabaki uwanja wazi wa kuwatenganisha Waafrika na wengine. Juu ya viwanja hivyo wenyeji walijenga nyumba zao: ukumbi katikati, vyumba sita pande mbili, uwani nyuma na baraza mbele. Barazani ndipo habari zilipopokelewa, gazeti liliposomwa kwa sauti na kesi za jirani ziliposuluhishwa. Nyumba za namna hiyo bado zipo, lakini sasa lazima uzitafute katikati ya maghorofa.

Niliuliza njia ya kwenda Mtaa wa Kleist Sykes. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa kwenye benchi walitazamana.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba. Unataka Kipata?"

Kipata ndilo jina la zamani la mtaa huo, na kwa wazee hawa ndilo jina. Hata hivyo, walipoulizwa huyo Kleist alikuwa nani, kila mmoja alikuwa na lake la kusema, na mazungumzo yakachukua muda mrefu kuliko kikombe cha kahawa kinavyostahili.

Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894. Alipigana vita upande wa Wajerumani, na nchi iliposhikwa na Waingereza akapata kazi ya reli. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, Cecil Matola akiwa rais wake na yeye katibu. Alifariki mwaka 1949 akiwa ameacha maandishi kuhusu maisha yake. Maandishi hayo yangeweza kuliwa na mchwa kama mengi ya rika lake. Lakini mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika kipindi ambacho walimu wa historia waliwataka wanafunzi waende nyumbani wakaandike habari za watu wao. Sura yake kuhusu babu yake ilitoka mwaka 1973 katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe na kuchapishwa Nairobi. Mtumishi wa reli wa mtaa wa Kipata akaingia katika historia ya nchi kwa mkono wa mtoto wa nyumba yake.

Jambo hilo linanigusa kuliko mnara wowote uliojengwa mjini hapa. Sykes hakuhojiwa na mgeni aliyekuja na daftari na kuondoka nalo.

Utaratibu huohuo ulifika mbali na Gerezani. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hicho, chini ya usimamizi wa Iliffe na Gilbert Gwassa, walitawanyika katika wilaya za kusini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wazee walioshuhudia vita hivyo walikuwa wakielekea ukingoni mwa umri. Yaliyoandikwa wakati ule yamebaki miongoni mwa vyanzo muhimu kuliko vyote kuhusu vita hivyo. Kule Songea, familia na wazee hawakuacha kudai fuvu la kiongozi wao, Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha, akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta. Masimulizi ya kijijini peke yake hayakuleta siku hiyo. Lakini jamii iliyotunza kumbukumbu yake ilikuwa na la kusema mgeni alipofika.

Narudi Kariakoo. Historia ya mitaa hii haikuishia kwenye kitabu cha Iliffe. Mwaka 1998 Mohamed Said, mwenyeji wa mji huu, alichapisha London kitabu kuhusu Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist. Ndani yake alisimulia harakati za uhuru kwa kuzipitisha majumbani na barazani mwa Dar es Salaam, akatofautiana waziwazi na historia ya chama cha TANU iliyotolewa na Chuo cha Kivukoni mwaka 1981. Alisema kuna watu waliosahauliwa, wengi wao Waislamu wa mjini. Kitabu kikaja kutoka pia kwa Kiswahili. Wapo wanaokubaliana naye, wapo wanaompinga kwa nguvu, na nimeona vijana wasiojua hata mwaka wa uhuru wakivutwa na ubishi huo hadi wakaanza kusoma. Kwangu mimi, ubishi wa namna hiyo ni afya ya mji. Historia isiyobishaniwa na mtu hukaa kabatini.

Mtaa wa Lumumba uko hatua chache kutoka hapo. Zamani ukiitwa New Street, na kwenye kona yake na Mtaa wa Kariakoo ndipo African Association ilipokuwa na jengo lake. Julai 7, 1954, TANU ilizaliwa hapo. Hiyo kila mtoto wa shule anaijua. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Chuo Kikuu kilianzia katika mtaa huuhuu, kwenye jengo la TANU, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15. Mwanafunzi wa sheria akitoka darasani alikutana uso kwa uso na mpiga pasi, muuza samaki na kuli wa bandarini. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, kwenye nafasi na upepo. Ilikuwa lazima kihame, lakini mji ulipoteza kitu siku ile.

Kabla ya chuo, mtaa ulikuwa na walimu wake. Erica Fiah, Mganda aliyekuwa na duka mjini hapa, alianzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937, gazeti la kwanza la Mwafrika katika Tanganyika. Nakala moja ya gazeti ilifika mbali kuliko idadi ya wanunuzi, kwa kuwa aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua.

Wanawake walikuwa na shule yao nyingine kabisa: ngoma. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kabla hajawa mwanasiasa. TANU ilipotaka wanachama wanawake mwaka 1955, hakuanza na vipeperushi. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, ambao walikwishajua nani anaishi wapi, nani kafiwa, nani ana sauti ya kusikilizwa. Julai mwaka huo mamia ya wanawake walikusanyika ukumbi wa Anatoglo, Mnazi Mmoja, na katika miezi michache maelfu walikuwa na kadi. Ukumbi bado upo. Tunayajua haya kwa undani kwa sababu mwanahistoria Susan Geiger aliwaendea Bibi Titi na wenzake, akawaacha wasimulie maisha yao wenyewe, na mwaka 1997 akachapisha kitabu ambamo sauti zao ndizo zinazoongoza. Barabara inayopita upande wa pili wa uwanja sasa ina jina la Bibi Titi.

Na kwenye barabara hiyohiyo ndiko iliko Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kwangu hapa ndipo penyewe.

Taasisi hii ilianza mwaka 1960 kama tawi la elimu ya nje ya Chuo cha Makerere. Mwanzoni ilitoa masomo ya jioni kwa wakazi wa mji. Kisha Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na taasisi ikapewa mzigo wa nchi nzima. Kwa mujibu wa sensa ya 1967, takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Wengi wao walikuwa vijijini, umbali wa siku kadhaa kutoka maktaba yoyote. Maktaba Kuu yenyewe, iliyo barabara hiyohiyo, ilikuwa imefunguliwa Desemba 1967 tu.

Jibu lilikuwa redio na kikundi. Wazo halikuzaliwa hapa. Mwaka 1941 wakulima wa Kanada walianza kukusanyika majumbani kusikiliza kipindi, kusoma kijitabu, kujadiliana na kutenda. India ikalijaribu Pune mwaka 1956, Ghana ikafuata mwaka 1964. Tanzania ilichukua wazo hilo na kulikuza hadi likafikia ukubwa ambao wenzetu hao hawakuufikia. Mwaka 1970 vikundi vilijadili uchaguzi, katika kampeni iliyoitwa Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya uhuru, ikaja Wakati wa Furaha, kampeni ya historia: tulitoka wapi, tulitawaliwaje, tumefanya nini tangu bendera ipande. Karibu watu 20,000 walijiunga. Ni kampeni inayotajwa kidogo, na nadhani haitendewi haki, kwa sababu humo wakulima walikaa chini ya mwembe kujadili historia ya nchi yao wakiwa watu wenye maoni, bila mtihani mbele yao.

Waandaaji walijifunza humo namna ya kufundisha viongozi wa vikundi, na mwaka 1973 wakafanya Mtu ni Afya. Fikiria utaratibu wake. Taasisi iliandika vijitabu kwa Kiswahili chepesi. Studio za Radio Tanzania kule Barabara ya Pugu zilirekodi vipindi. Wakufunzi walifundisha wakufunzi wengine, mkoa hadi wilaya, wilaya hadi kata, mpaka viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 wakawa tayari. Kwa wiki 12 watu walikutana, wakasikiliza kipindi, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, kisha redio ikazimwa na mazungumzo yakaanza: hapa kwetu malaria inatoka wapi, choo cha nani kimejaa, nani atachimba. Waliokusanyika walikaribia milioni mbili, katika nchi ambayo wakati huo haikufikia watu milioni 15. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Kuna watakaosema choo si insia. Kipindi kile kiliambatana na nyimbo, usomaji na mjadala, na kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kufungua kitabu mbele ya watu bila aibu. Kijiji kilichozoea kubishana kwa utaratibu kuhusu maji ya kunywa kilikuwa kimepata chombo cha kubishana kuhusu jambo lolote. Sijui namna bora zaidi ya kueleza faida ya elimu hii. Kufikia mwaka 1986 kiwango cha wasiojua kusoma kilitajwa kuwa chini ya asilimia 10.

Kampeni hizo zilikuwa na kasoro, na ni haki kuisema. Zilishuka kutoka juu. Mada ilichaguliwa Dar es Salaam, na mwanakijiji aliyetaka kujadili bei ya pamba au kuhamishwa kwenda kijiji cha ujamaa hakukuta sura yake kwenye kijitabu. Kasoro hiyo waliiona wasanii wa Chuo Kikuu. Kuanzia mwaka 1982, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, wilayani Kwimba, bila tamthilia mkononi. Waliishi na watu, wakauliza kinachowasumbua, na wanakijiji wakataja matatizo ya vijana wao, zikiwemo mimba za wanafunzi. Mchezo ukatungwa na wanakijiji wenyewe kwa ngoma wanazozijua, ukachezwa mbele ya wazazi na viongozi, na baada ya mchezo watu wakasema. Mwaka 1996 Lihamba na Mlama waliipeleka mbinu hiyo shule za sekondari chini ya jina la Tuseme. Wasichana walitunga michezo kuhusu yanayowakwamisha kusoma, wakaicheza mbele ya walimu walewale waliohusika nayo. Mpango huo ukavuka mipaka hadi nchi nyingine za Afrika.

Safari kati ya kijiji na mji haikuwa ya upande mmoja. Kwenye Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967 kwenye barabara ya kwenda Bagamoyo, tangu 1994 kumekuwa na Siku ya Utamaduni wa Mtanzania. Jamii moja hupewa nafasi ya kuja na wapishi wake, wajenzi, waganga, wacheza ngoma na wazee wake, na kueleza mambo yake kwa mdomo wake. Wanaojaa pale mara nyingi ni wakazi wa Dar es Salaam wenye asili ya huko. Mtoto aliyezaliwa Ilala anamsikia bibi asiyemjua akiimba kwa lugha ya mama yake. Siku kama hiyo hushikamanisha kijiji na mji kwa namna ambayo fedha za kutumwa kwa simu haziwezi.

Katika matembezi yangu nililifikia Soko la Kariakoo jua likiwa limepanda. Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, alilichora kwa zege lililofunuka kama miavuli iliyogeuzwa, paa likipitisha upepo na kukusanya maji ya mvua. Mwalimu alilifungua Desemba 1975. Usiku wa Julai 10, 2021 moto uliunguza sehemu kubwa. Mbali kidogo na hapo, Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka mtaani Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, na kwa siku kadhaa wafanyabiashara, wapita njia na waokoaji walichimbua kifusi pamoja.

Baada ya maafa kama hayo huundwa kamati, hukaguliwa majengo, na ni sawa. Lakini mji huu unahitaji pia kuulizwa unajikumbuka vipi. Kila nyumba ya vyumba sita inapobomolewa, wapangaji hutawanyika Chanika, Kivule na Mbagala, na majirani waliokuwa wakijuana kwa vizazi vitatu hawaonani tena. Kituo cha urithi wa majengo kilichopo ndani ya Boma la Kale, karibu na bandari, kinafanya kazi nzuri ya kuwatembeza watu na kuonyesha michoro. Ningependa kazi hiyo ivuke Mnazi Mmoja ije huku na iwe na wenyeji wa huku.

Chombo cha kuifanya kipo tayari. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inaendesha mpango wa elimu changamani kwa vijana walio nje ya shule, IPOSA. Kijana aliyeacha masomo, au binti aliyekatishwa na mimba, hujifunza kusoma na kuhesabu, stadi za maisha, ujasiriamali na msingi wa ufundi. Ni mpango wa maana. Unachokosa, kwa maoni yangu, ni kile kilichokuwamo mwaka 1971: nafasi ya kijana huyo kujua alipo na kusema analoliona. Vikundi vimekwishaundwa, na TBC, shirika la utangazaji la taifa, inazo kanda za Radio Tanzania. Wiki 12 zingetosha kijana wa Gerezani amsikilize mzee wa mtaa wake na kuandika alichosikia, kisha arekodi kipindi ambacho kikundi cha Malya au Songea kingekisikiliza na kukijibu kwa kipindi chao. Mafunzo ya viongozi wa vikundi yangelazimika kuanza mapema, ngazi kwa ngazi, kama ilivyokuwa mwaka 1973. Bila mtu aliyefundwa kuzima redio kwa wakati na kuuliza swali, kikundi hugeuka hadhira, na hadhira haichimbi choo wala haiandiki historia ya mtaa wake.